Nyanya, Mvua na Somo la Gitaa

Likizo imefika na mwanao anakwenda kwa nyanya yake huko Mayoni, Kakamega. Mwalimu wake wa gitaa yuko Nairobi, nawe umekwisha kulipa ada. Somo la kwenye simu litaendeleaje?

Kwanza, chagua saa za asubuhi. Kakamega mvua hupenda kunyesha alasiri, na chini ya mabati hakuna gitaa litakalosikika. Pili, simu ipate chaji usiku, na bando linunuliwe mapema. Tatu, simu iegemezwe mahali pasipotikisika, mwalimu aone mikono yote miwili. Nyuzi zikazwe kabla ya somo. Wala mtoto asijaribu kupiga pamoja na mwalimu. Sauti huchelewa njiani, hivyo wapokezane.

La mwisho ndilo kuu: zungumza na nyanya. Asipoelezwa, ataona mjukuu ameinamia simu, amtume maji. Akielezwa, atazima redio na kufukuza kuku mlangoni. Somo likiisha, mtoto ampigie alichojifunza. Pengine nyanya naye atamfundisha wimbo wa kwao, nao hauhitaji bando.