Mtoto aliyelia kisha akafa naye ahesabiwe

 

Ukurasa wa afya umezoeleka kwa mambo ya maji safi, choo, kunawa mikono na maradhi ya watoto. Leo tuzungumzie jambo ambalo wengi hawalioni kuwa ni la afya, nalo ni hesabu ya watoto wanaozaliwa. Tunasikia redioni kuwa mwanamke wa Tanzania huzaa wastani wa watoto 4.8. Wapo wanaocheka na kuuliza, hiyo nukta nane ya mtoto ni kichwa au ni miguu? Wapo wanaokasirika na kusema hizo ni njama za kutupunguza. Na wapo ambao karani akibisha hodi humjibu nusu nusu ili aondoke haraka. Rai yangu ni kuwa hesabu hii haijaelezwa vizuri majumbani mwetu, na kwa kutoielewa tunapata hasara sisi wenyewe, hasa kwa watoto wetu wachanga.

Hesabu zinatoka wapi?

Zipo njia tatu. Ya kwanza ni sensa, ambayo hufanywa takriban kila baada ya miaka kumi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 44,928,923, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu watu 61,741,120. Mbali na kuhesabu watu, sensa humuuliza mwanamke amezaa watoto wangapi waliokuwa hai, wangapi anaishi nao, wangapi wako kwingine na wangapi wamefariki. Humuuliza pia kama amezaa katika miezi 12 iliyopita.

Njia ya pili ni utafiti wa kaya. Ofisi ya Taifa ya Takwimu, kwa kushirikiana na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar na wizara za afya, huchagua maeneo kwa bahati nasibu katika mikoa yote, kisha huchagua kaya ndani ya maeneo hayo. Katika utafiti wa mwaka 2022 walihojiwa zaidi ya wanawake 15,000 wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Kila mmoja alitakiwa ataje watoto wake wote, mmoja baada ya mwingine: tarehe ya kuzaliwa, wa kiume au wa kike, yu hai au amefariki, na kama amefariki alikuwa na umri gani. Ile 4.8 ilitoka hapo.

Njia ya tatu ni usajili wa vizazi na rejesta za wodi ya wazazi. Hii ndiyo iliyopaswa kuwa bora kuliko zote, kwa sababu tukio huandikwa likiwa bado bichi, wala hakuna wa kusahau. Lakini kwetu bado ni dhaifu. Utafiti wa mwaka 2015-16 ulikuta kwamba watoto wenye umri chini ya miaka mitano waliokuwa wamesajiliwa walikuwa takriban mmoja tu kati ya wanne. Ndiyo maana taifa linalazimika kwenda kwa kina mama na kuwaomba wakumbuke.

4.8 inapatikanaje?

Tuchukue mfano wa kubuni. Kuna mji wenye wanawake 700, na katika kila rika la miaka mitano wapo 100. Kwa mwaka mmoja, wale wa miaka 15 hadi 19 wamezaa watoto 11, wa miaka 20 hadi 24 wamezaa 23, wa 25 hadi 29 wamezaa 22, wa 30 hadi 34 wamezaa 19, wa 35 hadi 39 wamezaa 14, wa 40 hadi 44 wamezaa 6, na wa 45 hadi 49 amezaliwa mtoto 1. Gawanya kila idadi kwa 100, kisha jumlisha, utapata 0.96. Kwa kuwa mwanamke hukaa miaka mitano katika kila rika, zidisha mara tano. Jibu ni 4.8.

Kwa hiyo 4.8 ni picha ya binti mmoja wa kufikirika, ambaye angepita umri wote wa kuzaa huku akizaa kama wanavyozaa wanawake wa leo katika kila rika. Si amri kwa mtu, na haimwambii mke wa fulani azae wangapi. Katika utafiti kinachogawanywa ni vizazi vya miaka mitatu iliyotangulia, ili mwaka mmoja wenye jambo lisilo la kawaida usipotoshe picha. Kwa kipimo hichohicho taifa lilikuwa 6.2 mwaka 1991-92 na 5.2 mwaka 2015-16. Na wastani huficha mengi: mwaka 2022 mijini ilikuwa 3.6 na vijijini 5.5.

Mtoto asiyetajwa

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Hesabu yote hii inasimama juu ya ulimi wa mama. Na ulimi wa mama una mtoto mmoja ambao ni mzito kumtaja: yule aliyezaliwa, akalia, kisha akafa siku ileile au wiki ileile. Mama akiulizwa una watoto wangapi, hutaja wanaocheza uani. Wakati mwingine baba au mama mkwe hudakia, "Huyo hakuwa mtoto, alikuja akarudi." Wengine huogopa kijicho, wakiona kwamba kuhesabu watoto ni kuwaitia hasada. Wengine hawataki tu kutonesha kidonda.

Angalia kinachotokea katika hesabu. Tuseme wamezaliwa watoto 1,000 hai na 33 wamekufa kabla ya kutimiza mwaka. Kiwango cha vifo ni 33 kwa kila vizazi hai 1,000, na hicho ndicho kiwango kilichopatikana nchini mwaka 2022. Mama kumi wasipowataja watoto wao waliokufa, vizazi vitaandikwa 990 na vifo 23. Kiwango kitashuka hadi 23. Hakuna mtoto aliyeokolewa hata mmoja, lakini kwenye karatasi nchi imekuwa salama zaidi. Anayegawa wakunga, mashine za oksijeni na vifaa vya kumsaidia mtoto kupumua ataiangalia wilaya hiyo, aseme hawa hawana shida, apeleke kwingine.

Na hapo ndipo penye maradhi yetu. Kati ya mwaka 2015-16 na 2022, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 hadi 43 kwa kila vizazi hai 1,000. Hayo ni mafanikio, alhamdulillah. Lakini vifo vya mwezi wa kwanza wa maisha vilitoka 25 na kufika 24 tu. Chanjo, vyandarua na dawa vimewasaidia waliovuka mwezi. Wachanga bado wanatupotea, nao ndio ambao ni rahisi zaidi kutotajwa.

Tatizo hili halikuanza leo. Mtakwimu William Brass wa Uskochi, aliyefanya kazi katika idara ya takwimu ya Afrika Mashariki katika miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili, alibuni njia ya kusahihisha hesabu za aina hii. Alijua kwamba wanawake wa umri mkubwa husahau zaidi, na wanawake vijana hukumbuka vizuri zaidi watoto wao wote. Hivyo akalinganisha watoto wote waliotajwa na wale wa mwaka wa karibuni, na kwa tofauti hiyo akarekebisha. Njia hiyo ni nzuri, lakini marekebisho ni kisio tu. Hayawezi kukwambia ni kijiji gani mtoto amekufa kwa kukosa mkunga.

Fiqhi ilitangulia

Waliosoma mirathi madrasa wanalijua suala la mtoto anayezaliwa baba yake akiwa ameshafariki. Wanazuoni huuliza: je, alilia? Kilio cha mtoto mchanga, au dalili ya wazi ya uhai, humfanya awe mrithi. Akifa baada ya saa moja, naye hurithiwa. Anaoshwa, anakafiniwa, anasaliwa na kuzikwa. Sasa tazama maana ya kizazi hai kwa Shirika la Afya Duniani: mtoto akitoka tumboni akaonyesha dalili yoyote ya uhai, kama kupumua au moyo kupiga, huyo amezaliwa hai hata akifa papo hapo. Karani wa takwimu na kadhi wanauliza swali moja. Basi vipi sisi ambao dini yetu imempa mtoto huyu fungu katika mali, tumnyime nafasi katika hesabu?

Kuandika watu nako si jambo geni kwetu. Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Hudhayfa (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) aliagiza aandikiwe waliosilimu, wakaandikwa watu 1,500. Na katika habari za Sayyidna Umar (r.a.) imesimuliwa kuwa posho ya mtoto kutoka hazina ilianza kutolewa akishaachishwa ziwa. Usiku mmoja alisikia mtoto akilia, akaambiwa na mama kuwa anamwachisha mapema ili apate posho. Umar akahuzunika, akatangaza kuwa mtoto apangiwe posho tangu anapozaliwa. Zingatia, ndugu msomaji: kanuni ya daftari ilipokosea, mtoto aliumia. Iliporekebishwa, alinyonya.

Kuhusu shaka zetu

Najua shaka zipo. Mwaka 2012 baadhi ya Waislamu waliisusia sensa kwa kuwa kipengele cha dini hakikuwemo, kipengele ambacho kiliulizwa mara ya mwisho mwaka 1967. Hoja hiyo ina mahali pake pa kujadiliwa na si katika safu ya afya. Ninachoweza kusema ni kile kinachoonekana zahanati. Lengo la watoto wa kuchanjwa hukisiwa kutokana na idadi ya watu iliyotoka sensa na kiwango cha uzazi. Mtaa uliohesabiwa pungufu hupangiwa watoto 200, kisha wanakuja 230. Taarifa inasomeka asilimia 115, wakubwa wanapongeza, na huku mama wa mwisho kwenye foleni anaambiwa chanjo imekwisha. Kujificha hakukumkinga mtu yeyote. Kulimkosesha mtoto chanjo.

Na wanaosema hesabu hizi ni za kuwalazimisha watu uzazi wa mpango, nawauliza: anayetaka kuwatetea wanaozaa watoto wengi, atawaombea wodi na wakunga kwa hoja gani kama idadi yao imefichwa? Tarakimu ikiwa ya kweli, mwenye haki huitumia kudai.

Lakini serikali nayo ina deni. Wadadisi huja, huuliza mambo ya ndani kabisa, huondoka, na kijiji hakisikii tena. Matokeo husomwa hotelini Dar es Salaam na Dodoma, na vitabu vyake vingi ni vya Kiingereza. Matokeo ya wilaya yangesomwa kwa Kiswahili mbele ya mkutano wa kijiji na baada ya swala ya Ijumaa, watu wangejua walichangia nini. Tena mdadisi anayemhoji mama mbele ya mume na wakwe asitarajie ukweli wote. Mama ahojiwe faragha, na mwanamke mwenzake.

Tufanye nini?

Kwanza, karani au mdadisi akija na kitambulisho, mama aachiwe ajibu mwenyewe, na awataje wote, pamoja na aliyelia kisha akafa. Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 inalazimisha majibu ya mtu yawe siri. Atoe kadi ya kliniki ili tarehe isikisiwe, maana mtoto akisogezwa mwaka mmoja nyuma kwa kukisia huweza kutoka nje ya kipindi kinachohesabiwa.

Pili, tusajili. Kwa Tanzania Bara sheria inataka kizazi kisajiliwe ndani ya siku 90. Aliyezaa zahanati asiondoke bila kuuliza utaratibu, na aliyezalia nyumbani aende kwa mtendaji. Zanzibar, sheha ndiye wa kuanzia. Siku ya saba tunamnyoa mtoto, tunampa jina na mwenye uwezo anachinja akika. Basi siku hiyohiyo baba apange safari ya usajili, kabla nyama haijaliwa ikasahaulika.

Tatu, misikiti ifungue daftari. Maziko ya mchanga huhudhuriwa na wanaume wachache, na mara nyingi hayaandikwi popote. Imamu aandike tarehe, umri wa mtoto kwa siku au saa, alizaliwa wapi, na kama alilia. Kila mwezi ampelekee mganga mfawidhi wa zahanati idadi hiyo, bila majina kama familia haitaki. Misikiti mitano ya kata moja ikifanya hivyo kwa mwaka mmoja, tutajua ni mtaa gani wachanga wanafia nyumbani kwa kukosa usafiri wa usiku, na tutakuwa na karatasi ya kuweka mezani kwa diwani.

Mtoto huyo hakuishi hadi kuitwa kwa jina lake shuleni. Haki aliyobaki nayo kwetu ni kushuhudiwa kwamba alikuja, ili mdogo wake akizaliwa akute mkunga anamsubiri.

Wabillahi tawfiq.