03/04/2007 ni siku gani?

Wenzangu tunaoandika programu, hebu tuache mchezo na tarehe.

Chukua 03/04/2007. Karani wa Lodwar ataisoma Aprili 3, maana ndivyo tunavyoandika Kenya. Programu iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani itaisoma Machi 4. Sasa panda gari mpaka Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi iliyopo tangu 1992. Mzazi kutoka Ethiopia akiinakili kutoka cheti cha kwao, chenye kalenda ya miezi 13, tarehe hiyo ni Desemba 12, 2014. Tarakimu zile zile, siku tatu tofauti! Na ni hizo zitakazoamua mtoto atahesabiwa mtu mzima lini.

Kibaya zaidi, kosa lenyewe halipigi kelele. PostgreSQL ikiwa imewekwa MDY itakataa 13/04/2007, kwa sababu haijui mwezi wa 13. Lakini 03/04/2007 itaipokea kimya kimya, na kuihifadhi kama Machi 4. Piga hesabu: kila mwaka una tarehe 132 za namna hiyo, zaidi ya theluthi moja ya mwaka.

Kuna wanaosema basi tuhifadhi tarehe kama maandishi tu, yaishe. Mimi sikubali. Maandishi yatapokea hata 31/02/2007, na ukiyapanga, aliyezaliwa 03/04/2007 atatangulia aliyezaliwa 25/12/1992.

Msimamo wangu ni huu. Safu kwenye hifadhidata iwe ya aina ya DATE. Programu ipeleke tarehe kwa parameta, si kwa kuunga vipande vya maandishi ndani ya SQL. Ikibidi kuiandika, iandikwe 2007-04-03, kama kiwango cha ISO 8601 kinavyotaka tangu 1988. Siku/mwezi/mwaka ibaki kwenye skrini, kwa ajili ya macho ya watu. Kwenye fomu, mwezi uchaguliwe kwa jina, na kalenda itajwe. Na asiyeijua siku yake ya kuzaliwa tusimbandike Januari 1 halafu tukanyamaza; ongeza safu inayosema kwamba kinachojulikana ni mwaka tu.

Hifadhidata haiwezi kumtazama mtoto na kukisia umri wake. Itaamini tulichoipa, na kila ofisi itakayoisoma baadaye itaamini vivyo hivyo.