'Unajua ofsaidi wewe?' Mtihani wa shabiki wa kike mtandaoni

Dabi ya Kariakoo ikiisha, simu hazilali. Aliyeshinda anatupia picha, aliyefungwa anamtafuta mwamuzi wa kumlaumu. Katikati ya kelele hizo dada mmoja anaandika kwamba timu imefungwa kwa sababu kiungo mkabaji alikuwa anapanda mno na kuacha uwazi mbele ya mabeki. Ni hoja ya mpira, haina tusi hata moja.

Majibu yanayofuata hayamgusi kiungo. "Unajua ofsaidi wewe?" "Nani kakuandikia?" "Kapike." Mwingine anaachana na mechi kabisa, anafungua picha zake na kuomba namba.

Kaka akiandika hoja ileile, naye atabishiwa, na timu yake itatukanwa mpaka asubuhi. Ila hakuna atakayemuuliza kama anajua mpira. Tofauti iko hapo: mwanaume anashambuliwa kama shabiki wa timu pinzani, mwanamke anashambuliwa kama mwanamke, mara nyingine na watu wa timu yake mwenyewe.

Swali la ofsaidi lina kichekesho chake. Dabi hiyohiyo imewahi kuchezeshwa na Jonesia Rukyaa, mwamuzi wa kike mwenye beji ya FIFA. Simba iliongozwa na Barbara Gonzalez kama mtendaji mkuu kuanzia 2020 hadi mwanzoni mwa 2023, na katika kipindi hicho ilifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Simba Queens nao walimaliza nafasi ya nne Afrika kule Morocco mwaka 2022. Yaani mwanamke anaweza kupuliza filimbi au kuendesha klabu, lakini akitaka kuandika komenti lazima kwanza aonyeshe cheti.

Inaanzia kibanda umiza

Wengi huilaumu mitandao. Lakini mitandao imekuta mambo yameshapikwa.

Mtoto wa kiume wa miaka minane au tisa anapelekwa uwanjani na baba au mjomba. Asipopelekwa, anajipenyeza kibanda umiza, analipa hela yake na kubanana kwenye benchi na watu wazima wanaopiga kelele. Pale anasoma masomo mawili kwa mpigo: mpira na utani. Anajifunza kuitwa Utopolo au Kolo bila kununa, na anajifunza kurudisha. Akifika miaka 20 ameshazomewa mara nyingi kiasi kwamba matusi ya mtandaoni kwake ni kama salamu.

Dada yake saa hizo yuko wapi? Mechi nyingi kubwa za Ulaya huanza saa nne usiku, na binti wa rika hilo akitoka nyumbani saa nne usiku kesho yake mtaa mzima una habari. Kama nyumbani kuna televisheni ataangalia sebuleni, tena kama hakuna aliyewahi rimoti kwa ajili ya tamthilia. Anaweza kuujua mpira kuliko kaka yake. Asichokipata ni ile shule ya kwenye benchi.

Kisha simu ikawaweka chumba kimoja, kila mmoja na malezi yake. Mwanaume anaona "kapike" ni utani kama utani mwingine, na dada akikasirika anaambiwa hajazoea mpira.

Hapo kuna kosa ambalo wazee wa utani wangeliona haraka. Utani wa makabila una sheria. Mtani wako anaweza kukuchekesha hata msibani, lakini naye siku yake ikifika atafanyiwa vilevile. Unakwenda na kurudi. Shabiki wa Yanga akiitwa Utopolo, ana Makolo ya kurudisha, wanabaki sawa. Aliyeambiwa "kapike" atarudisha nini? Hakuna neno la uzito huohuo la kumwambia mwanaume. Na maswali ya mwili, "una mume?" na "shepu hiyo ya mpira kweli?", hayamo kabisa kwenye utani wa jadi wa Simba na Yanga.

Wanawake nao wamo

Wakiwa wengi, wanawake hawageuki malaika. Waliokuwa Instagram miaka ya kati ya 2010 wanazikumbuka zile timu: Team Diamond na Team Kiba, halafu Team Wema na Team Zari. Akina dada walikuwa wengi humo, na matusi makali kabisa yalimwendea mwanamke. Yalihusu mwili wake, ndoa yake, watoto wake. Mwanaume aliyekuwa katikati alipita kwa wepesi kidogo.

Nalo hilo lina asili yake. Binti aliyelelewa akipimwa kwa urefu wa sketi na saa ya kurudi nyumbani, naye akishika simu huwapima wenzake kwa kipimo hichohicho.

Majina tunayozipa tabia hizi yana upendeleo pia. Wanawake wakikesha kujadili msanii kaachana na nani, huo ni umbea. Wanaume wakikesha na tetesi za usajili, za mchezaji aliyeonekana airport na begi, huo ni uchambuzi.

Kwingine hali haina nafuu. Ripoti ya FIFA kuhusu Kombe la Dunia la Wanawake 2023 ilionyesha kuwa wachezaji wake walikuwa na uwezekano wa kushambuliwa mtandaoni kwa asilimia 29 zaidi kuliko wanaume waliocheza Qatar 2022. Karibu nusu ya mashambulizi yaliyothibitishwa yalikuwa ya kingono, ya kijinsia au ya chuki dhidi ya mapenzi ya jinsia moja.

Waliokaa kimya wamekwenda wapi?

Hawajaacha kushabikia. Wapo wanaotoa picha na kutumia jina lisiloonyesha jinsia, ghafla hoja zao zinajibiwa kama hoja. Wapo waliohamia magrupu ya WhatsApp ya akina dada watupu, wanachambua mechi huko kwa raha zao.

Gharama yake ni kwamba klabu inayopima hisia za mashabiki kwa kusoma komenti inasoma za upande mmoja. Geti lenye msukumano, vyoo vya uwanjani, usafiri baada ya mechi ya usiku, jezi isiyokuja kwa saizi za kike: anayeyajua vizuri ameshanyamaza. Hela yake ya jezi lakini inapokelewa.

Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na unyanyasaji wa mtandaoni umo. Ila hakuna atakayekwenda polisi kwa sababu ya neno "kapike". Mwenye nguvu ya kweli ni admin wa grupu au ukurasa. Huyu akiona mtu ametupia linki ya mikeka ya matapeli anaifuta palepale, na aliyeituma anatolewa. "Kapike" inabaki mpaka keshokutwa, na emoji za kicheko chini yake, moja ya admin mwenyewe.