Bibi Atoke Nje Kwanza



Mnada wowote wa mkoa wetu wa Simiyu hamkosi kumkuta muuza makopo: gari dogo, spika juu ya paa, meza imejaa makopo meupe. Dawa lishe ya mifupa, ya kisukari, ya mgongo na ya nguvu za kiume, yote kopo moja! Wanunuzi ni watoto na wajukuu wenye nia njema. Wameuza pamba, wamemkumbuka bibi anayelalamikia nyonga. Kopo likifika nyumbani linaning'inizwa kwenye msumari ndani ya mfuko wa plastiki, na bibi anabaki palepale kwenye kigoda kando ya mafiga, mlango umerudishwa, jioni ugali na mlenda.

Naomba kabla ya kopo tumtoe bibi nje.

Sisemi vidonge ni uongo. Mwaka 1992 madaktari wa Ufaransa walitoa matokeo ya wanawake 3,270 wa kwenye nyumba za kutunzia wazee, wastani wa umri wao miaka 84. Waliopewa gramu 1.2 za kalsiamu na yuniti 800 za vitamini D kila siku, kuvunjika nyonga kulipungua kwa asilimia 43. Lakini wale bibi vitamini D ilikuwa chini mwilini mwao, na kalsiamu haba katika mlo wao. Mwaka 2006 Wamarekani nao wakaja na matokeo ya wanawake zaidi ya 36,000 waliokuwa wakiishi majumbani mwao: nafuu ya nyonga ilikuwa ndogo mno kuthibitika, ila mawe kwenye figo yaliongezeka kwa asilimia 17. Kwa hiyo kidonge humfaa aliyepungukiwa. Muuza kopo wa mnadani hapimi nani kapungukiwa. Anapima mfuko wa mnunuzi.

Na kwa jua hili lote la Simiyu, nani apungukiwe vitamini D? Mwaka 2012 watafiti walichapisha vipimo vya damu vya Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania (Wahadzabe tunao hapa hapa Meatu) na wastani wa vitamini D ukawa nanomoli 115 kwa lita, wakati madaktari wengi wanaridhika na 50. Waliopimwa, hata hivyo, wengi hawakuwa wazee, na ni watu wanaoshinda nje. Ngozi ya bibi hutengeneza vitamini D kidogo kuliko ya kijana, na tangu hedhi ikome mifupa yake imekuwa ikipungua. Akikaa ndani kutwa, jua la Bariadi ni kama halipo.

Tena wengine wanakaa ndani kwa hofu. Tusifichane: macho yaliyoiva kwa moshi wa kuni na samadi yamewaponza vikongwe wengi Usukumani, wakaitwa wachawi, wengine wakauawa. Mama anayeogopa kutazamwa na jirani hatatandika mkeka uani aote jua. Hapo familia moja haiwezi kitu. Ni kazi ya nzengo nzima, jirani kwa jirani.

Basi mkutano wa kijiji unaokuja tuliweke hili kwenye ajenda. Kila kitongoji kiwajue vikongwe wake wasiotoka. Vijana wanaoitikia yowe la mwano usiku wa manane hawashindwi kusawazisha njia ya chooni na kusimika nguzo ya kushikilia, maana nyonga nyingi huvunjikia kwenye kujikwaa. Jua likishapanda, bibi akalishwe nje kidogo kabla halijamchoma, mikono na miguu wazi, na wapitao wamsalimie.

Chakula tunacho. Glasi ya maziwa ina kama miligramu 300 za kalsiamu, na mwanamke mzee anahitaji kama 1,200 kwa siku. Lakini maziwa yetu alfajiri yako kwenye madumu, baiskeli inakwenda mjini. Yabakizwe ya bibi kwanza. Kiangazi ng'ombe wakikauka, dagaa wa Busega wapo. Kalsiamu iko kwenye mifupa yao, kwa hiyo bibi asiye na meno atwangiwe wakavu kwenye kinu, unga utiwe kwenye mlenda.

Asiyeweza kutoka kabisa, au aliyekwisha kuvunjika mfupa, apelekwe kituo cha afya. Huyo ndiye vidonge vinaweza kumfaa, na mganga aulizwe pia habari za figo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na asiye na uwezo anastahili matibabu bila malipo. Madiwani wetu tuwabane vidonge hivyo viwepo kwenye vituo vya serikali, wenye kuvihitaji wasivifuate mnadani.

Mwenyekiti wa kitongoji unayesoma hapa, anza na orodha ya majina wiki hii.