Jiografia ya Nchi za Kiingereza Ianzie Songwe

Mwanafunzi wa sekondari wilayani Kyela akiulizwa ni nchi zipi zinatumia Kiingereza, aghalabu ataanza na Uingereza na Marekani, kisha Kanada na Australia. Hakosei, ila ameiruka iliyo jirani yake. Ukivuka daraja la Songwe pale Kasumulu umeingia Malawi, nchi ambayo Kiingereza ndiyo lugha rasmi ya serikali, bunge na mahakama. Vitabu vyetu vimezoea kumpa kijana mifano ya bonde la mto Tennessee na kondoo wa Australia, lakini mto Shire, unaotoa maji ya ziwa lililo mbele ya macho yake, anaweza kumaliza shule asiujue. Hoja yangu ni kwamba somo la nchi hizi lianzie Songwe, ndipo liende London.

Sababu kubwa ni maji. Mvua ya Rungwe na ya Milima ya Livingstone huteremka kwa mito Kiwira, Mbaka na Lufilyo hadi Ziwa Nyasa. Ziwa hilo lina urefu wa zaidi ya kilomita 550, na maji yake hutokea njia moja tu: Shire, huko kusini mwa Malawi. Mto huo huzungusha mitambo ya Nkula, Tedzani na Kapichira, inayoipa Malawi sehemu kubwa ya umeme wake, kisha huingia Zambezi na kumalizikia Bahari ya Hindi. Kuanzia mwaka 1915 hivi hadi 1935, kina cha ziwa kilishuka, mchanga ukaziba mdomo wa Shire na maji yakaacha kutoka. Baadaye ziwa lilijaa tena. Mkulima wa mpunga kwenye tambarare za Kyela, anayeona maji yakisogelea jaruba lake mwaka huu na kurudi nyuma mwaka mwingine, hawezi kulielewa ziwa hili bila kujua habari za mto ulio mwisho wake wa kusini.

Kisha kuna mpaka. Ulichorwa na Waingereza na Wajerumani kwa mkataba wa Julai 1890, na hadi leo Tanzania inasema mpaka wa ziwani upite katikati ya maji, huku Malawi ikidai ufuate ufuko wetu. Hata Songwe hautulii: mafuriko yakiuhamisha mkondo, shamba lililokuwa ng'ambo hii hujikuta ng'ambo ile. Wapo watakaoona ni salama zaidi kutowagusisha watoto jambo lenye mvutano. Mimi naona kinyume chake: kijana wa Kyela ana ndugu wa damu na lugha miongoni mwa Wangonde wa Karonga, na akiujua mkataba na ramani hatayumbishwa na uvumi.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba Malawi si nchi ya Kiingereza hasa, kwa kuwa majumbani watu husema Kichewa, Kitumbuka au Kingonde. Ni kweli, lakini ndivyo ilivyo pia Zambia, Ghana na Nigeria. Nigeria ina watu zaidi ya milioni 200, ilhali Uingereza haifiki milioni 70. Anayehesabu nchi za wazungu peke yake ana ramani pungufu ya lugha hiyo. Wengine watasema ufadhili wa masomo na ajira viko London na Marekani. Navyo vinastahili kufundishwa, na njia ya kuvifikia inapita hapa. Blantyre, jiji la biashara la Malawi, lilipewa jina la mji wa Scotland alikozaliwa David Livingstone, yule yule ambaye milima iliyo juu ya Matema inaitwa kwa jina lake. Na aliyekwisha kuona jinsi ziwa, mto na umeme vinavyotegemeana kwenye Shire, ataielewa Tennessee kwa urahisi.

Walimu wa Kyela wanaweza kuanza bila kusubiri mtaala mpya. Ramani moja ya ziwa inatosha: Karonga, Nkhata Bay, Mangochi, halafu Lilongwe, iliyochukua nafasi ya Zomba kama makao makuu mwaka 1975. Kutoka hapo waende Zambia, Nigeria, Uingereza na kwingineko. Mtoto aliyefundishwa kwa mpangilio huo atajua dunia ya Kiingereza ilivyo kweli, na atajua kwamba yeye mwenyewe anaishi mpakani mwake.