Nyanya Hakusoma?



Wiki iliyopita, baada ya sala ya Magharibi, tulijiwa na binti wa kidato cha tatu aliyehitimu msahafu katika madrasa yetu. Alishika daftari lake la Kiingereza. Mwalimu wa shule alikuwa amewapa maneno manne, "learned", "scholar", "erudite" na "knowledgeable", na kuwaagiza watunge sentensi juu ya mtu wanayemjua. La kwanza alikwisha kulitungia. Tukiifasiri sentensi yake, ilisema hivi: nyanya yangu si mtu aliyesoma.

Sarufi yake haikuwa na kasoro. Lililomleta kwetu ni kuwa nyanya mwenyewe, akiwa jikoni, aliuliza kilichoandikwa ni nini, akafasiriwa, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya mwanangu, andika." Tangu saa ile binti hana raha.

Nyanya huyo tunamjua. Kwa zaidi ya miaka 30 amewasomesha Qur'ani watoto wa mtaa ukumbini mwa nyumba yake. Husoma Kiswahili kilichoandikwa kwa hati za Kiarabu. Wanawake humwendea kwa masuala ya hedhi, eda na kuosha maiti, na sisi wenyewe tumewaelekeza kwake wengi waliotuuliza mambo ambayo yeye anayajua kwa undani kutushinda. Ila mlango wa shule ya serikali hakuuingia hata siku moja.

Basi tukaketi na binti, tukayatazama maneno hayo asili zake.

Tulianza na lile alilomnyima nyanya yake. Zamani kitendo cha Kiingereza tukijuacho leo kwa maana ya kujifunza kilitumika pia kwa maana ya kufundisha. Kwa hiyo "learned", kwa asili yake, ni mtu aliyefundishwa. (Wanaojitayarisha kwa mtihani wazingatie matamshi: likiwa sifa ya mtu hutamkwa kwa silabi mbili, "la-nid". Ndivyo mawakili wetu wanavyoitana mahakamani.) Ukisema mtu amefundishwa, swali linalofuata ni moja tu: nani aliyemfundisha? Swali hilo sisi watu wa vyuoni tumelijua tangu utotoni. Elimu yetu hutajwa kwa mashekhe wake, fulani alisoma kwa fulani, naye kwa fulani, na ijaza hutolewa kwa msingi huo. Tulimuuliza binti kama anawajua walimu wa nyanya yake. Aliwataja wawili bila kusita, kwani nyanya huwaombea dua kila usiku wa Ijumaa.

Neno "erudite" limetokana na Kilatini, na ndani yake mna neno lenye maana ya kitu kibichi kisichochongwa, mfano wa gogo kabla halijapitishwa randa. "Erudite" ni aliyetolewa katika hali hiyo. Leo hutumika kwa mtu aliyevisoma vitabu vingi mno, na mara nyingine msemaji huwa anamsuta kidogo kwa kujionyesha. Shina hilohilo la Kilatini ndilo lililozaa "rude", neno la Kiingereza la kumwita mtu asiye na adabu. Kijana anayeutumia usomi wake kuwavunjia wazee heshima amelirudisha neno kule lilikotoka. Binti aliinamisha kichwa, nasi hatukuendelea.

"Knowledgeable" halikutuchelewesha. Ni mwenye ujuzi wa jambo, hata kama hakuupata kitabuni: nahodha anayezijua pepo za kaskazi na kusi, mkunga anayejua mtoto amelala vipi tumboni.

"Scholar" ndilo lililotuweka mpaka adhana ya Isha. Linarudi mpaka kwa Wayunani, na kwao asili yake ni wasaa, yaani kupata faragha na shughuli. Aliyekuwa na wasaa ndiye aliyeweza kukaa akafikiri na kujadiliana. Baadaye mahali pa kukaa hivyo pakaitwa kwa jina hilo, na ndipo Waingereza walipopata neno lao la shule. Tazameni, akina mama, ni nani aliyekosa sehemu yake katika neno hili. Mwana Kupona binti Msham alipoutunga utendi wake mwaka 1858, kwa ajili ya bintiye, alikuwa mgonjwa, wala hakuishi miaka mingi baada yake. Na huyu nyanya wetu alidurusu vitabu vya fikihi huku amempakata mtoto na chungu ki motoni. Ikiwa kipimo ni wasaa, hakupata. Ikiwa kipimo ni elimu iliyopatikana, sisi twaona yake ina uzito zaidi, kwa kuwa ililipiwa usingizi.

Binti alihoji, na swali lake lilikuwa zuri: bila cheti, mtu atajulikanaje? Tulimtajia Samuel Johnson, Mwingereza aliyetoa kamusi mashuhuri ya lugha yake mwaka 1755. Aliingia Oxford mwaka 1728, akatoka baada ya miezi kama 13 kwa kukosa fedha, bila ya shahada. Shahada za heshima alitunukiwa baadaye, kazi yake ilipokwisha kujulikana. Hatumdharau mwenye cheti, na binti huyu tunataka akipate chake kwa alama za juu. Lakini tumeliachia neno "msomi" liwe la wenye vyeti peke yao, ilhali tunalo letu la kale, mwanachuoni, kutokana na chuo, ambacho katika Kiswahili cha zamani ni kitabu. Mwana wa kitabu. Na kitabu nyanya hajakiweka chini tangu utoto.

Binti alifuta sentensi yake, akaandika nyingine: nyanya yangu ni "learned", na walimu wake ni fulani na fulani. Alikwenda kumsomea na kumfasiria usiku uleule. Nyanya, tuliambiwa, aliwarehemu walimu wake, kisha akauliza kama mwalimu wa shule ataipa alama.