Toeni Mji, Ndugu Wanafasihi

Kuna sentensi nimechoka kuisikia kwenye vikao vyetu vya vitabu: "Vijana siku hizi hawasomi, wanacheza magemu." Inasemwa kwa sauti ya msibani, watu wanatikisa vichwa, halafu tunahamia kwenye kilio kinachofuata, kwamba fasihi simulizi inakufa. Hakuna anayejiuliza kama huyo marehemu amehamia nyumba ya pili tu, na huko anacheka.

Leo nataka ugomvi kidogo. Sitetei magemu yote. Mpira wa kwenye PlayStation una wenyewe, na yale ya kumiminiana risasi nawaachia wanaoyapenda. Nazungumzia ukoo mdogo: magemu ya mafumbo yanayochezwa kwa nafsi ya kwanza, tena yenye vichekesho. Portal ya mwaka 2007 na Portal 2 ya 2011, The Stanley Parable ya 2013, Superliminal ya 2019. Dai langu ni moja. Haya ni vitendawili, na vimetegwa vizuri kuliko vile tunavyowakaririsha watoto darasani. Mpenzi wa fasihi ya Kiswahili anayeyapuuza anapuuza mali yake mwenyewe.

Hoja hii sikuitoa kitabuni. Niliiokota nyumbani Mbekenyera, wilaya ya Ruangwa, msimu wa ufuta. Mpwa wangu alikuwa likizo na laptopu kuukuu, anacheza Portal barazani. Mama yangu, ambaye ni bibi yake, alikuwa hapo hapo anapepeta ufuta. Baada ya muda akauliza, "Huyo mama anayeongea humo ndani anasema nini?"

"Anasema nikimaliza vyumba vyote atanipa keki, bibi."

"Na wewe mume wangu unamwamini?"

"Simwamini."

"Sasa mbona unakwenda?"

"Nataka nione atanidanganyaje."

Mama akacheka hadi ungo ukatikisika. "Ehee. Basi huyo anakutegea."

Anakutegea. Kwa Kiswahili tunatega panya, tunatega ndege, tunatega kitendawili. Kitenzi ni kimoja, na mama alikipachika pale pale panapostahili bila kusoma uhakiki wa mtu yeyote.

Kwa wasioijua Portal, nieleze. Uko peke yako kwenye jengo la utafiti. Mkononi una bunduki isiyo na risasi. Ukifyatua, inatoboa mlango wa bluu ukutani. Ukifyatua tena, inatoboa wa rangi ya chungwa mahali pengine. Ukiingia huku unatokea kule. Basi, silaha ni hiyo tu. Tabu ni kwamba mlango wa kutokea uko juu, ng'ambo ya shimo, na huna ngazi. Unazunguka. Unajaribu mambo ya kijinga. Unaitukana kompyuta. Halafu ghafla unaona: ukijitupa kutoka juu ukaingia mlango wa sakafuni, kasi ya kuanguka haipotei, na mlango wa ukutani utakurusha ng'ambo kama jiwe la manati.

Ile sekunde ya kuona naijua tangu nina miaka saba. Ndiyo ile ya mtu kutega, wewe ukakuna kichwa, wenzako wakaanza kukuzomea, na jibu likaja lenyewe huku ukijiuliza lilikuwa limejificha wapi.

Ila undugu wenyewe uko ndani zaidi, kwenye hilo neno "nafsi ya kwanza". Sikilizeni vitendawili vyetu vinavyosema. Nyumba yangu haina mlango. Kuku wangu katagia miibani. Kila niendapo ananifuata. Huyu "mimi" ni nani? Si mtegaji, yeye hana nyumba ya namna hiyo wala kuku wa kutaga kwenye miiba. Ni nafsi tupu, imewekwa pale isubiri mtu aivae. Ili ufike kwenye yai, nanasi na kivuli, lazima uivae hiyo "yangu", uitazame dunia kutoka humo, mahali ambapo yai linaweza kuwa na ukubwa wa nyumba.

Sasa chukua Superliminal. Mchezo mzima umejengwa juu ya jambo hilo hilo. Unaokota kete ndogo ya sataranji, unaishika karibu na jicho lako, unaiachia ukiwa umeuelekea ukuta wa mbali, na kete inakuwa kubwa kupita wewe. Ukubwa wa kitu unategemea ulikitazama kutoka wapi. Yai limekuwa nyumba. Bibi zetu walifanya hivyo kwa maneno manne, wenzetu wamefanya kwa programu ya kompyuta. Na mhusika wa Portal, anayeitwa Chell, hasemi neno hata moja. Unachokiona ni alichokishika mkononi, hadi siku utakapotoboa milango miwili ukachungulia na kuona mgongo wa mwanamke. Unashtuka. Kumbe ni mimi.

Najua majibu yatakayokuja, kwa hiyo niyajibu mapema.

La kwanza: "Hilo ni fumbo tu, fasihi ni lugha." Anayesema hivyo hajacheza The Stanley Parable. Humo kuna mtu anaitwa Stanley, mfanyakazi namba 427, na kuna msimulizi anayeeleza kila anachofanya. Mnafika kwenye milango miwili. Msimulizi anasema Stanley aliingia wa kushoto. Wewe unaingia wa kulia. Anakusahihisha kwa upole. Unakaidi tena. Anaanza kununa. Ukijifungia kwenye stoo ya mifagio ukagoma kutoka, anakusihi, anakukejeli, mwisho anadhani aliyeshika kompyuta amekufa na anaomba aletwe mtu mwingine.

Jamani, hii si ndiyo tunayowafundisha wanafunzi? Fanani na hadhira? Tunaandika ubaoni kwamba fasihi simulizi inahitaji hadhira ya papo kwa papo, inayodakia na kubisha, kisha tunamwambia mwanafunzi akae kimya anakili. Nimeona madaftari yenye swali "Taja sifa tano za kitendawili", majibu yamepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu, na mwenye daftari hajawahi kutegewa kitendawili hata kimoja na mwalimu wake. Aliyeua kitendawili tusimtafute kwenye kibanda cha gemu.

Tena nashangaa, maana watu hawa hawa wanamheshimu Kezilahabi. Wanaisifu Nagona ya 1990, wanaisifu Mzingile ya 1991, riwaya ambazo msomaji anatembezwa kwenye njia zisizoeleweka mpaka aache kudai ramani. Hata jina "mzingile" ni njia za kumpoteza mtu. Kupotezwa kwenye karatasi tunakuita falsafa. Kupotezwa kwenye kioo tunakuita uvivu. Kwa nini?

La pili: "Ni vichekesho." Ndiyo, na hapo ndipo penye nguvu yake. Yule mama wa Portal, mashine iitwayo GLaDOS, katika chumba kimoja anakupa sanduku lenye mchoro wa moyo. Anakuonya kwamba sanduku haliongei, na kama litaongea usilisikilize. Unalibeba, linakukinga, linakusaidia kuvuka. Mwisho anakuamuru ulitupe kwenye tanuri, na ukishalitupa anakupongeza kwamba umeliua haraka kuliko mjaribiwa yeyote aliyewahi kupita. Hata kama ulisimama pale nusu saa ukisita, atakwambia hivyo hivyo. Unacheka. Baadaye kicheko kinakukwama kooni, kwa sababu umefanya jambo baya kwa kuambiwa tu, kwa adabu. Sisi tuliokua na utani wa makabila, tuliowahi kuona mtani anazuia jeneza mpaka apewe chochote, ndio wa mwisho kuruhusiwa kusema kwamba kinachochekesha hakina uzito.

La tatu ndilo linaloniuma, na hapa nakubali nusu: "Hayo ni ya Wazungu, tena kwa Kiingereza." Kweli. Pale barazani mpwa wangu alikuwa anamtafsiria bibi yake, na nusu ya utani ilifia njiani kati ya laptopu na mkeka. GLaDOS kwa Kiswahili cha kukurupuka alikuwa jini tu linalotisha.

Lakini dawa ya hilo ni kazi, na kazi yenyewe ni yetu, watu wa lugha. Tulikaa jioni moja tukajiuliza: huyu angeongea Kiswahili gani? Tukakataa cha kitabuni na cha mtaani. Tukajua. Angeongea Kiswahili cha tangazo. "Ndugu mjaribiwa, tunaomba radhi kwa kifo chochote kitakachojitokeza. Endelea kufurahia huduma zetu." Mama aliposomewa hiyo alicheka kile kicheko cha kwanza. Kila aliyewahi kusimama dirishani mwa ofisi akaambiwa aje kesho anaijua sauti hiyo. Maneno ya chini ya kioo katika Portal yamo kwenye faili la maandishi, na wachezaji wa lugha nyingine wamezoea kutengeneza tafsiri zao wenyewe kwa mapenzi tu. Sisi tunaobishana usiku kucha kuhusu vina na mizani tunashindwa nini?

Na tukishatafsiri, tutege vya kwetu. Mada iko mlangoni. Katika Portal 2 unashuka chini kabisa ya jengo, kwenye kumbi za zamani za kampuni, na sauti iliyorekodiwa ya mwenye kampuni, Cave Johnson, inakusalimu kwa furaha huku ukipita kwenye magofu ya majaribio yake. Niliposikia mara ya kwanza nilisema: aisee, huyu namfahamu, alipita Nachingwea. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na Mpango wa Karanga, Kongwa, Urambo na huku kwetu Nachingwea. Walileta vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta ya kung'olea visiki. Walijenga reli kutoka Mtwara hadi Nachingwea kwa ajili ya karanga ambazo hazikuonekana. Mwaka 1951 wakafunga, pauni milioni 36 zimeliwa na ardhi, na reli ikaja kung'olewa. Hebu fikiria unatembea ndani ya hayo yote kwa macho yako, kipaza sauti kinakutangazia mavuno ya mwakani, na fumbo lako ni kutafuta karanga moja. Nani wa kuliandika hilo kama si sisi? Tukilala, ataliandika mwingine, na kichekesho kitakuwa sisi.

Kwa hiyo, ndugu wanafasihi, acheni kutikisa vichwa. Kaeni na mtoto mwenye laptopu, mwombeni awapishe, mkwame kwenye chumba kimoja kwa saa nzima kama tulivyokuwa tukikwama barazani kwa bibi. Mkishindwa, sheria mnaijua, toeni mji. Ila safari hii msitoe Dar es Salaam, kila mtu anaitoa hiyo. Mimi nataka Nachingwea, pamoja na reli yake.